Nilipanda vizuri milima ya Kabale, lakini mteremko ukanimaliza: nijiandae vipi kwa mbio zijazo?

MkimbiajiWaNtinda (Kampala):

Ndugu zangu wapenda mbio, nawasalimu. Wiki mbili zilizopita nilikimbia nusu marathoni karibu na Kabale, na tangu siku hiyo nimekuwa nikiipitia akilini kilomita baada ya kilomita, kwa sababu nilikwenda nikiogopa kupanda na nikarudi nimeshindwa na kuteremka. Naomba wenye uzoefu wanisaidie kuelewa kilichotokea, maana nimejiandikisha kwa mbio nyingine za milimani upande wa Fort Portal, na zimebaki wiki kumi.

Nieleze kwanza njia yenyewe. Tulianzia mjini Kabale saa moja asubuhi, baridi ikiwa bado kali, tukashika barabara inayopanda kuelekea Ziwa Bunyonyi. Kilomita tano za kwanza karibu zote ni za kupanda. Kisha unavuka mgongo wa kilima na kuteremka kilomita tatu hadi ukingoni mwa ziwa. Huko tulikimbia kilomita tano katika barabara ya murram inayopindapinda kando ya maji, tukaukwea tena mgongo uleule kwa kilomita tatu, na sehemu iliyobaki ilikuwa ya kurudi mjini, karibu yote mteremko. Wenyeji walituambia asubuhi ile kwamba mtu akishafika juu mara ya pili amemaliza kazi, na mimi niliwaamini.

Saa yangu ya mkononi ilirekodi hivi. Mpando wa kwanza niliumaliza kwa dakika 32, nikiwa na pumzi ya kutosha. Mteremko wa kwenda ziwani niliukimbia kwa dakika 13 na sekunde 45, yaani dakika 4 na sekunde 35 kwa kilomita, nikawapita watu wengi sana, na nakiri kwamba zile ndizo dakika nilizozifurahia kuliko zote. Kando ya ziwa nilitumia dakika 31 na sekunde 40. Mpando wa pili ulinichukua dakika 23 na nusu. Halafu yakaja yale niliyodhani ni mapumziko: kilomita tano na kidogo za mteremko, nilizozimaliza kwa dakika 38! Kila nilipokanyaga, mapaja yalitetemeka na magoti yalitaka kukunjika. Pumzi nilikuwa nayo, mapigo ya moyo yalikuwa chini, lakini miguu haikuwa yangu. Nilimaliza kwa saa 2 na dakika 19, wakati lengo langu lilikuwa saa 2 na dakika 5. Kwa siku nne baadaye nilishuka ngazi za nyumbani kinyumenyume.

Sikwenda bila mazoezi. Kwa miezi mitatu, kila Jumatano nilikipanda kilima cha Kololo mara nane kwa nguvu, nikitembea wakati wa kushuka ili pumzi irudi, na kila Jumapili nilikimbia kutoka Ntinda hadi Najjera na kurudi, nikiongeza umbali hadi kufikia kilomita 18. Asubuhi ya mbio nilikula ndizi mbivu mbili na kunywa bushera kidogo, kile kinywaji cha nafaka, na sikupita kituo chochote cha maji bila kunywa. Je, ni hewa ya milimani iliyonishinda? Ni chakula? Au niongeze idadi ya kupanda Kololo hadi mara kumi na mbili?

---

MwalimuWaSebei (Kapchorwa):

Ndugu yangu wa Ntinda, pole kwa maumivu na hongera kwa kumaliza. Umefanya jambo ambalo wanafunzi wangu huwa hawalifanyi mpaka niwasukume, nalo ni kuandika nyakati za kila sehemu, na nyakati hizo zinajibu sehemu kubwa ya swali lako.

Hewa ina mchango wake, lakini si mkosaji mkuu. Kampala iko kwenye mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari na Kabale inakaribia 2,000, kwa hiyo kule hewa ni nyembamba kuliko uliyoizoea kwa takribani asilimia 10. Hilo lingekuumiza zaidi wakati wa kupanda, pale mwili unapodai oksijeni nyingi, ilhali wewe mwenyewe unasema ulipanda na pumzi ikabaki. Mtu anayeshindwa na hewa hahemi kwa utulivu huku mapaja yakitetemeka. Chakula nacho hakinitii shaka sana. Ingekuwa ni njaa ungeishiwa nguvu mwili mzima, kichwa kingekuwa kizito, na mpando wa pili ndio ungekufichua.

Mbio zako ziliharibika kati ya kilomita ya tano na ya nane, katika zile dakika 13 na sekunde 45 ulizozifurahia. Mteremko haudai pumzi, na kwa sababu hiyo mkimbiaji hudhani haudai chochote, kumbe unaandika deni kwenye mapaja na deni hilo hulipwa saa nzima baadaye. Fanya hesabu pamoja nami. Kama ungeteremka kuelekea ziwani kwa dakika 5 na sekunde 20 kwa kilomita, ungetumia dakika 16, yaani ungepoteza dakika mbili na robo tu. Kama hilo lingekuachia mapaja ya kukimbia sehemu ya mwisho kwa dakika 5 na nusu kwa kilomita, ungeitumia kwa dakika 28 badala ya 38. Umetoa dakika mbili na robo, umepokea kumi. Ungemaliza kwa saa 2 na dakika 11 au 12 siku ileile, kwa mazoezi yaleyale.

Hapa kwetu watoto hukua wakiteremka. Mtu anashuka kwenda shule, anashuka kwenda mtoni, na anaporudi anapanda, kwa hiyo miguu yake imejifunza breki kabla hajajua kwamba kuna mchezo unaoitwa riadha. Wewe wa Kampala unayo milima, lakini ulipokuwa Kololo ulikuwa ukitembea kila ulipogeuka kushuka. Miezi mitatu umefundisha nusu moja ya safari na kuipumzisha nusu ya pili. Usiongeze hadi mara kumi na mbili. Panda mara sita, lakini wakati wa kushuka, baadhi ya mara hizo, kimbia.

Kuhusu kuanza kwa pupa, nitatoa mfano unaotuhusu Waganda wote. Machi 2017 mashindano ya dunia ya mbio za nyika yalifanyika palepale Kololo unapofanyia mazoezi. Joshua Cheptegei aliongoza mbele ya umati wa nyumbani, akaachana na wenzake, na katika mzunguko wa mwisho miguu ikamkatalia hadi akamaliza wa 30. Niliutazama mwisho ule na uliniuma kama mzazi. Miaka miwili baadaye, mjini Aarhus nchini Denmaki, mashindano yaleyale yalipitishwa juu ya paa la jumba la makumbusho lililofunikwa nyasi, mpando mkali na mteremko mkali kila mzunguko, na Cheptegei huyohuyo akashinda, Jacob Kiplimo wa Bukwo akiwa wa pili. Mimi huwaonyesha wanafunzi siku zile mbili pamoja, kwa kuwa kipaji kilikuwa kilekile na nguvu ilitumiwa kwa namna tofauti.

Kwa Fort Portal, sahau kasi ya kila kilomita na ushike kiwango kimoja cha juhudi. Unapopanda, uweze kusema sentensi fupi; saa ikionyesha dakika 7 kwa kilomita, iache ionyeshe. Unapoteremka katika nusu ya kwanza ya mbio, ubaki na hisia kwamba ungeweza kwenda kasi zaidi na umekataa kwa hiari yako.

---

TabibuWaViungo (Mbarara):

Naungana na Mwalimu, na ningependa kueleza kinachotokea ndani ya msuli, kwa sababu anayeelewa sababu huvumilia mazoezi yake vizuri zaidi.

Unapopanda, msuli mkubwa wa mbele ya paja unafanya kazi huku ukijikunja na kufupika. Unapoteremka, msuli huohuo unafanya kazi huku ukivutwa na kurefuka, kwani kila mguu unapotua goti linajikunja na paja linapaswa kulizuia lisizame. Kazi hii ya kuzuia hutumia oksijeni kidogo, ndiyo maana mapigo ya moyo wako yalikuwa chini, lakini huchana nyuzi ndogondogo za msuli zaidi kuliko kazi ya kusukuma. Nguvu hupungua papo hapo, na ndiyo ile hali ya mapaja kutetemeka. Maumivu hufuata baadaye, na kwa kawaida hufikia kilele kati ya siku ya kwanza na ya tatu. Siku zako nne za kushuka ngazi kinyumenyume ni ushahidi kamili.

Habari njema ni kwamba msuli una kumbukumbu. Ukiupa zoezi la kuteremka mara moja, hata la wastani, na ukauacha upone, safari ya pili hauharibiki kwa kiasi kilekile, na kinga hiyo hudumu kwa wiki kadhaa. Kwa maana hiyo huhitaji kuteremka kwa ukali kila wiki. Zoezi moja kwa wiki, au hata moja kila siku kumi, linatosha, na la mwisho lenye ukali liwe kama wiki mbili kabla ya mbio, si siku tano kabla, la sivyo utafika Fort Portal ukiwa tayari umechanika.

Nyumbani, mara mbili kwa wiki, simama juu ya ngazi au juu ya tofali imara, shusha mguu mmoja polepole mbele yako ukihesabu hadi nne mpaka kisigino kiguse chini, kisha rudi juu kwa kutumia miguu yote miwili. Fanya mara nane kila upande, mizunguko mitatu. Ongeza na kuchuchumaa polepole. Ni mazoezi yasiyovutia, na ndiyo yanayoachwa kwanza, nawaomba msiyaache.

Nina onyo ambalo halikuulizwa, lakini naona hatari yake katika kila mbio ninazohudhuria. Watu humeza ibuprofeni au diklofenaki kabla ya kuanza ili maumivu yasiwapate njiani. Dawa hizo, mwili ukiwa umepungukiwa maji na misuli ikiwa inachanika, huweza kuziumiza figo. Msifanye hivyo. Na mtu yeyote ambaye baada ya mbio ngumu anaona mkojo wake umegeuka rangi ya chai ya rangi au ya Coca-Cola, huku misuli imevimba na kuuma kupita kiasi, aende hospitali siku hiyohiyo, asingoje kuona kama kutakucha salama.

---

MkimbiajiWaNtinda (Kampala):

Mwalimu na Tabibu, nawashukuru kwa dhati. Nimeisoma ile hesabu ya dakika mbili na robo mara tatu, na imenigusa kwa sababu katika mteremko ule nilikuwa najisifu moyoni. Naomba kuuliza jambo moja la vitendo: Kololo na Naguru kuna magari na bodaboda zinazoshuka kwa kasi, na mimi hutoka kabla ya jua kuchomoza kwa ajili ya kazi. Ni wapi hapa Kampala mtu anaweza kukimbia mteremko mrefu kidogo bila kuhatarisha maisha? Pili, mwili niuweke vipi? Ninaposhuka nahisi kama napigwa nyundo kisiginoni.

---

MamaWaMuyenga (Kampala):

Kaka, mimi nina watoto watatu na hutoka saa kumi na moja na nusu asubuhi, kwa hiyo swali lako ni maisha yangu ya kila siku. Mteremko mrefu wenye magari ni wa Jumapili tu. Alfajiri ya Jumapili mimi huanzia juu Muyenga, karibu na matangi ya maji, nikashuka kuelekea Kansanga, kisha nikafuata barabara ya Ggaba kupitia Bunga hadi ziwani. Ukishuka kutoka kilele kile hadi Ziwa Victoria umeteremka na kupanda mara kadhaa, na miguu inapata somo lote. Siku za kazi nakushauri utafute mtaa mmoja tulivu wa makazi wenye mteremko wa mita mia mbili au tatu, usio mkali, na uurudierudie. Mteremko mkali si bora kwa anayeanza. Ule unaoshuka kama mita nne au tano kwa kila mita mia unatosha kabisa.

Vaa fulana yenye rangi inayong'aa, beba tochi ya kichwani, na kimbia ukiwa umelekeana na magari. Barabara za murram ni laini kwa miguu, na mimi huzipenda, lakini mvua ikinyesha usiku zinateleza kama sabuni. Asubuhi hiyo baki kwenye lami.

Sasa kuhusu mwili. Nyundo ya kisiginoni inatokana na hatua ndefu. Mtu anapoogopa mteremko huegemea nyuma na kuutanguliza mguu mbele yake kama anayekanyaga breki, na kila mguu unapotua hivyo uzito wote unapanda gotini. Fupisha hatua, ziwe nyingi na nyepesi, mguu utue chini ya nyonga, na kiwiliwili kifuate mteremko kidogo kuanzia kwenye vifundo vya miguu, si kiunoni. Macho yatazame mita kumi mbele, si vidoleni. Mikono iachie ipanuke kama mtu anayepita juu ya gogo. Mimi nilianza na mara nne za dakika moja, nikipanda kwa kutembea, yaani kinyume kabisa cha ulichokuwa ukifanya Kololo, na niliongeza mara moja tu kwa wiki. Baada ya wiki sita niliweza kushuka kilomita mbili mfululizo bila kusikia goti.

Kaza kamba za viatu sehemu ya juu, karibu na kifundo, kabla ya mteremko mrefu. Nilipoteza kucha mbili za vidole gumba kabla mtu hajanieleza kwamba mguu ulikuwa ukiteleza ndani ya kiatu na kugonga mbele.

Na kuhusu chakula, ingawa Mwalimu hakukilaumu, mimi naona ndizi mbili ni kidogo kwa zaidi ya saa mbili njiani. Mkimbiaji wa muda huo hufaidika na gramu 30 hadi 60 za wanga kwa kila saa ya mbio, na ndizi moja ya kawaida ina kama 25. Mimi hula katogo, mchanganyiko wa matoke (ndizi za kupika), usiku wa kuamkia mbio, bila mafuta mengi, asubuhi uji na mkate, na njiani nabeba tende mfukoni.

---

MzeeWaJinja:

Naongeza neno kwa ajili ya mpando wako wa pili, ambao hakuna aliyeugusa. Dakika 7 na sekunde 50 kwa kilomita, ukiwa unakimbia, ni mwendo ambao haumwachi mbali sana mtu anayetembea kwa nguvu kwenye mlima. Mimi nina miaka 61, na mahali panapokuwa pakali sana hutembea hatua hamsini kwa mwendo wa haraka, mikono ikifanya kazi, kisha hukimbia hatua mia. Nawaona vijana wakinitazama kwa huruma tunapopanda, na baada ya kilele nawakuta wameinama wameshika magoti. Kwenye mbio za milimani kutembea ni sehemu ya mbinu, mradi uamue mapema mahali pa kutembea badala ya kungoja mlima ukuamulie.

---

MwalimuWaSebei (Kapchorwa):

Mzee, nakubaliana nawe kwa mkimbiaji wa lengo hili, kwa sharti moja: afanye hivyo mazoezini kwanza. Kubadilisha kutoka kukimbia hadi kutembea na kurudi tena kuna ufundi wake, na vigimbi visivyozoea huweza kukaza ghafla unapoanza tena kukimbia.

---

MkimbiajiWaNtinda (Kampala):

Narudi na taarifa baada ya siku kumi. Nimepata mtaa tulivu nyuma ya Ntinda, mita 250 za lami, mteremko wa wastani. Jumatano iliyopita nilishuka mara nne, kila mara kama dakika moja na nusu, kwa hatua fupi kama Mama wa Muyenga alivyoelekeza, nikipanda kwa kutembea. Kwa mara ya kwanza sikusikia nyundo kisiginoni, isipokuwa mara ya nne, nilipochoka nikajikuta nimeegemea nyuma tena. Alhamisi mapaja yaliuma kiasi, Ijumaa yakauma zaidi, na Jumamosi nikashuka ngazi za nyumbani nikitazama mbele. Jana, wiki moja kamili baadaye, nilirudia mara nne zilezile, na leo asubuhi nasikia uchovu mdogo tu. Mazoezi ya tofali nayafanya jioni, mke wangu akihesabu. Je, wiki ijayo niende mara sita, au nianze kuongeza kasi?

---

MwalimuWaSebei (Kapchorwa):

Nenda mara tano, kasi ileile. Umesema mwenyewe kwamba ya nne ilikurudisha nyuma. Hiyo ndiyo unayoifanyia kazi sasa. Siku ambayo ya tano itafanana na ya kwanza, tuandikie, ndipo tutazungumza kuhusu kasi.